Minazi Yangu, Nazi za Msikiti

Jumatano, 31 Machi 1954

Mimi Machano wa Kikwajuni nina bahati kuliko mtu yeyote aliyepata kuzaliwa Unguja. Naandika wazi, maana hapa hapana wa kunibishia. Nikitumbukia baharini, natoka na samaki changu kila mkono. Bombay niliangukiwa na gunia la mchele gatini. Kilichopasuka ni gunia! Durban waliibiwa mabaharia wote kasoro mimi. Sikuwa na kitu, lakini mwizi angejuaje? Miaka yote niliyopika melini niliwalisha Wazungu mchuzi ulioungua, wakasema thenkyu.

Mke ninaye, Kazija. Mkali, lakini ananipenda, nadhani. Binti ninaye, Time. Mtulivu, hakunifanana hata kidogo, alhamdulillahi. Na minazi ninayo Bububu, arobaini, kaniachia marehemu mama.

Kwa minazi hiyo Time ataolewa kama watu. Harusi Ijumaa ya tarehe 23, Simai wa Mbweni, kijana anayepaka majumba chokaa. Mahari wameshaleta. Sisi vyombo: kitanda, godoro la sufi, kabati la kioo, masinia. Nimemwahidi Time kwa kinywa changu. Nazi zitaanguliwa, vyombo vitanunuliwa, vitapita njia kuu juu ya vichwa vya watu, Kikwajuni nzima watoke milangoni. Akacheka. Kwa kicheko kile nitauza hata meno yangu.

Alasiri, inzi kwenye maziwa. Jaku! Binamu yangu wa Makunduchi. Kaja na kikapu cha muhogo na maneno. Anasema ardhi ya Bububu ni yangu, hana neno, lakini minazi saba ya kisimani ilipandwa na bibi yake, na mti ni wa aliyeupanda. Kama sikubali, tutaonana kwa kadhi. Kesi! Na kadhi akisema nazi zisiguswe mpaka kesi iishe, mwanangu ataolewa na vyombo vya mdomoni.

Haitakuwa. Mimi nimeiona Bombay. Jaku hata Mbweni hupotea.

Muhogo ulikuwa mzuri. Nimekula.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimekwenda Vuga kwa Hasan, anayewaandikia watu maombi. Tulisoma pamoja mpaka darasa la nne. Mimi nikatoka kwenda kuuona ulimwengu, yeye akabaki kuusoma.

Kanambia dawa ya Jaku ni wakfu. Nikasema wakfu naujua, mambo ya msikiti. Akasema naujua nusu. Mali ukiiweka wakfu imesimama hapo hapo: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mti hauna tena mwenyewe. Ila tunda linakwenda kwa yule uliyemtaja, na unaweza kumtaja umtakaye. Wajanja huanza na watoto wao, kizazi baada ya kizazi. Msikiti huja mwisho, kizazi kikikatika. Basi nisimame mbele ya mashahidi niseme: minazi yangu ya Bububu ni wakfu kwa binti yangu Time na kizazi chake, kisha msikiti. Jaku ataona haya kushindana na wakfu. Nazi za Time, vyombo vya Time.

Akili iliyoje! Nimemwambia hata mimi nilikuwa nakaribia kulifikiria.

Hasan akataka kuniandikia maneno. Nikakataa. Mimi, wa kuandikiwa! Akaniasa jambo moja: nikishalitaja jina la Time na msikiti nyuma yake, ninyamaze. Wakfu ukishatamkwa haurudi. Nikamwambia nshaelewa, mwenye akili hataki darasa refu. Nimeyarudia maneno njia nzima mpaka Darajani. Muuza kahawa kaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimeharibu. Au nimetengeneza. Bado sijajua.

Baada ya sala, Mwalim Bakar, imamu wa msikiti ule mdogo wa Bububu, akasema mwenye neno aseme. Nikaanza kuinuka. Kanzu imenyooka, kofia nimeilaza upande. Nani kasimama kabla yangu? Jaku! Na kanzu ina kiraka! Akasema masika imeingia, mikeka ya msikiti imeoza, yeye anatoa mikeka miwili ya mkono wa mkewe. Watu: mashaallah, mashaallah! Mzee mmoja akambusu mkono. Kwa mikeka miwili!

Zamu yangu. Nikasema, mimi Machano, minazi yangu yote ya Bububu. Wakanyamaza. Kimya kile! Sijapata kusikilizwa hivyo hata Aden, siku niliyopiga kelele kuwa jiko la meli linawaka. Nikasema naiweka wakfu. Watu wakavuta pumzi. Jina la Time lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamwona Jaku ananitazama, na mikeka yake.

Nikasema: kwa msikiti huu! Yote! Tangu leo! Nazi zake ziwe mafuta ya taa, ziwe mikeka, ziwe kamba ya kisima mpaka siku ya kiama!

Kisha nikalia. Wallahi nililia. Mwalim Bakar akalia. Watu wakanikumbatia mpaka kofia ikadondoka. Jaku akanikumbatia zaidi ya wote, akasema hakujua kama ukoo wetu una mtu kama mimi.

Kofia haijaonekana.

Jumamosi, 3 Aprili

Kazija kaipata habari sokoni, kwa muuza ndimu. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu kwamba nimemtandikia Mungu, na Mungu hana usingizi. Mwenye usingizi nimemlaza chini.

Nikamtuliza. Nikamwambia mimi ndiye msimamizi wa wakfu, nimechaguliwa palepale. Mwenye kisu ndiye mla nyama. Jumatatu naangua nazi, nanunua vyombo, kisha naufidia msikiti pole pole. Msikiti una subira.

Kazija akauliza msimamizi wa pili ni nani. Nikasema hapana wa pili. Akasema muuza ndimu amemtaja.

Ni Jaku.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimetoka alfajiri niwahi kabla ya Jaku. Kurwa mkwezi nimemkuta, nikamwambia apande. Hataki! Miaka kumi ananikwelea, leo hataki. Anasema minazi ya Mungu haikwewi na mtu mmoja chini. Wawepo wasimamizi wote wawili na Mwalim. Akianguka, asije akaulizwa huko alikuwa anamwibia nani.

Nikamwambia basi nitapanda mwenyewe, nimepanda milingoti Bombay. Nikajifunga kamba miguuni. Nikafika urefu wa mlango. Nikashuka upesi kuliko nilivyopanda. Kifua chote kimechubuka. Kurwa akauliza kwa adabu kama ile ndiyo Bombay au bado tuko njiani.

Saa nne wakaja Jaku na Mwalim Bakar. Nazi zikaanguliwa. Mvua ikaanza. Nazi zote zikapelekwa msikitini, na mimi, msimamizi, nikabeba. Nimebeba nazi zangu kichwani mwangu kuzipeleka kwa mwenyewe. Mwalim Bakar akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amin na maji yananiingia kinywani.

Jaku alibeba mara mbili yangu. Makusudi.

Alhamisi, 8 Aprili

Siku mbaya kuliko zote, na hapana aliyenikosea.

Time kaja kukaa karibu yangu barazani. Kanambia wanawake wa Mbweni walikuja kutoa hongera. Mama wa Simai, Bi Mwanakheir, ambaye hata salamu huzitoa kwa kijiko, kamshika mikono yote miwili, kasema wanachukua binti wa mtu mchaji Mungu. Jana bombani wanawake walimpisha ateke kwanza. Kisha Time akasema neno ambalo nitalala nalo kifuani kama jiwe. Akasema ni mara ya kwanza ameitwa binti Machano na mtu asicheke.

Akasema vyombo basi. Ameshawaambia kina Simai kuwa atakwenda na mkeka na sanduku lake. Baba yake katoa kikubwa kuliko kabati.

Ningenyamaza. Ningesema asante mwanangu. Nilisema nini? Nilisema vyombo vipo! Kitanda kipo, kabati lipo, na kioo chake nitaagiza cha Bombay! Akaniangalia kwa furaha. Aliamini!

Mkeka! Mtoto wangu akalale juu ya mkeka, ukweni, masika hii, sakafu inatoa maji.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimekwenda kwa kadhi kuurudisha wakfu. Naandika haraka nisije nikaona haya.

Hasan alikataa kunisaidia. Alishika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, akasema neno moja tu lilitakiwa, jina la mwanangu, na nazi zile zingemlisha yeye na wajukuu zake mpaka dunia iishe, bila ya Jaku kugusa, bila ya mimi kugusa. Nikamuuliza njia nyengine. Akasema wakfu wa mwendawazimu haushiki. Alisema kwa mzaha. Mimi sikucheka. Nikaona mlango.

Nikamwambia kadhi kuwa Ijumaa ile sikuwa na akili zangu. Kadhi, mtu mpole, akasema haya, tuwaulize wanaonijua. Mwalim Bakar alikuwapo, na Kurwa, na Jaku.

Wakaulizwa kama mimi nina wazimu. Kurwa akasema ndiyo, anao, siku nyingi. Akaeleza habari ya mnazi na Bombay. Jaku akasema, kwa huruma, kuwa tangu utotoni. Moyo wangu ukafurahi. Kadhi akauliza: na Ijumaa ile? Wote watatu wakasema la. Ijumaa ile alikuwa mzima. Mwalim Bakar akaongeza kuwa labda ndiyo siku pekee.

Kwa hivyo mimi ni mwendawazimu mwaka mzima isipokuwa kwa dakika zile nilizotoa mali yangu. Imethibitishwa.

Haikuishia hapo. Kadhi akauliza kama minazi yote ilikuwa yangu, maana mtu haweki wakfu cha mwenziwe. Jaku akainamisha kichwa, akasema hakutaka kulitaja, lakini ipo saba ya bibi yake. Mwalim Bakar akasema kweli, anakumbuka ilivyopandwa. Basi. Thalathini na tatu ya msikiti. Saba ya Jaku.

Yule niliyetaka kumnyima ndiye pekee mwenye minazi.

Alhamisi, 15 Aprili

Time anajua. Bububu na Kikwajuni ni mbali kwa miguu tu, kwa midomo ni mlango na mlango.

Hakunilaumu. Kanimiminia chai, kaniwekea mkate wa kumimina, kipande cha pembeni nikipendacho. Akaniuliza jambo moja: siku ile msikitini nililia kweli, au nilijitia?

Nikamwambia kweli.

 Akasema basi afadhali. Akaondoka na birika.

Nilisema kweli kwa mara moja, na ni balaa zaidi ya uwongo. Kama ningekuwa najitia, ningekuwa mjanja tu, nikashindwa. Lakini niliupenda msikiti ule kwa moyo wote kwa muda wa machozi mawili. Nilimpenda Mwalim Bakar, nilimpenda mpaka Jaku. Mwanangu pekee sikumkumbuka.

Kazija amehama kwenye kitanda chetu. Analala chumbani kwa Time. Anasema anafanya mazoezi ya mkeka.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimeuza saa yangu ya Aden. Haitembei, na aliyeinunua anajua. Nimepata bei ya masinia mawili. Nikaenda kuangalia kabati Mkunazini. Nikasimama mbele ya kioo muda mrefu. Mwenye duka akaniuliza kama nanunua au najitazama. Nikasema bado sijaamua. Kwa kweli nilikuwa natafuta uso ambao Time aliuona siku ile barazani.

Haupo.

Nilimnunulia Mwalim Bakar halua kwa bei ya sinia moja. Anaumwa kifua, masikini, na alinililia. Kazija asijue.

Alhamisi, 22 Aprili

Mchana nikasikia vigelegele njia kuu. Nikatoka. Watu wote wa Kikwajuni wamesimama milangoni, kama nilivyoahidi. Juu ya vichwa vya vijana wanne kinakuja kitanda. Nyuma yake godoro la sufi, nene, la maua mekundu. Mbele yake, na kanzu yenye kiraka, Jaku.

Kauza mavuno ya minazi saba, aliyorudishiwa na Mwalim, na mbuzi juu yake. Akasema mbele ya watu wote kuwa hii ni zawadi ya binti wa Machano, kwa ajili ya baba yake, maana baba yake ndiye aliyemfunza yeye, Jaku, kutoa.

Alimfunza! Mimi! Ningependa ardhi ipasuke, lakini pale pana saruji.

Time alilia kwa furaha. Akambusu mkono Jaku. Kisha akanibusu na mimi, kwa sababu alimwona Jaku ananitazama. Kazija akamwekea Jaku kuku mzima. Mimi nikapata shingo. Nikala shingo. Godoro nililibonyeza watu walipoondoka. Zuri. Halina hata kifundo. Time atalala vizuri. Niandike hilo, maana ndilo nililolitaka. Time atalala vizuri.

Sasa nisiseme neno lolote kesho. Nimuoze mwanangu, nile halua, ninyamaze.

Ijumaa, 23 Aprili

Nikahi ilikuwa baada ya alasiri, msikiti wa mtaani kwetu. Nilimuoza Time kwa sauti isiyotetemeka. Simai akaitikia vizuri. Halua ikapita, kahawa ikapita. Nilikuwa mzima.

Kisha Mwalim Bakar, kaja kwa miguu kutoka Bububu na kifua chake kile, akasimama kumshukuru Jaku kwa kitanda. Mashaallah! Kila mdomo. Mashaallah, Jaku! Mzee mmoja akauliza baba wa bibi harusi ni yupi. Wakamwonyesha Jaku!

Nakumbuka nimesimama. Nakumbuka kimya. Kimya kilekile, kitamu kama maji ya dafu. Nilisema mimi ndiye baba, na kwa furaha ya siku hii, nyumba yangu ya Kikwajuni, vyumba vitatu na baraza, naiweka wakfu kwa mayatima wa mtaa, tangu leo.

Nikalia. Wachache walilia. Hasan alikuwa kwenye safu ya nyuma. Alitoka nje bila ya viatu.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Wanawake walikuwa wameacha kuimba. Time amekaa juu ya kitanda chake kipya, mikono na miguu ina hina mbichi, haruhusiwi kushika kitu. Nilimtazama nipate ule uso wa barazani. Hakuniangalia usoni. Akaniuliza pole pole, wageni wasisikie, mama atalala wapi.

Nikahesabu vyumba kwa vidole: vitatu, vyote vya mayatima. 

Wakamchukua kwenda Mbweni na kitanda chake.

Jumamosi, 24 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kazija kafunga mzigo, kenda kwa kaka yake Mtoni. Hakuniaga. Mlangoni alikutana na mayatima wawili waliotumwa kuja kuiona nyumba. Akawapa maandazi.

Nimekwenda kwa Hasan kurudisha viatu vyake. Alinifungulia dirisha, si mlango. Nikamwomba anieleze wakfu tena, tangu mwanzo, na safari hii nitasikiliza. Akauliza nimebakiwa na nini cha kuweka wakfu. Nikasema ile ardhi ya Bububu, chini ya minazi. Sikuitaja Ijumaa ile, nilitaja minazi tu. Ardhi bado ni yangu! Nitaiweka kwa jina la Time, waziwazi, mbele ya watu wengi, ili Kazija asikie, ili Time anitazame. Ijumaa ijayo. Maneno nshayapanga. Nitaanza na Time, kisha ninyamaze. Na kama Jaku atakuwapo, nitaongeza kitu kidogo tu mwishoni, pasiwe na ukavu.

Hasan akafunga dirisha.

Nyumba kimya. Si kile kimya kizuri. Nimesoma ukurasa wa kwanza wa daftari hili, pale nilipojisifu bahati. Uwongo. Gunia la Bombay lilinivunja bega, na bahati sijapata kuwa nayo.